Mgeni wa Jumapili

Sura ya Tano

Kaseti ilikuwa inazunguka kwa mara ya nne, na mtu aliyekuwa akizungumza ndani yake alizikwa jana.

Sauti ya Mzee Vitus ilijaa ofisini, nzito, isiyo na haraka, sauti ya katekista mstaafu aliyezoea kusubiriwa. Inspekta Epifania alikuwa ameegemeza viwiko mezani akiisikiliza. Ukungu wa Julai ulikuwa umeufuta uwanja wote wa kituo cha polisi, na ingawa jua lilikwisha kuchomoza zamani, taa zilikuwa bado zinawaka. Pembeni ya dirisha Koplo Masunga alikuwa amejikunyata ndani ya koti, Msukuma wa bondeni ambaye miaka yake yote Sumbawanga haikutosha kumpatanisha na baridi ya huko.

"Chuma hakitoki motoni," ilisema sauti. "Moto unakipokea tu. Chuma kinatoka kwa watu waliokubali kunyamaza pamoja."

"Kunyamaza kunazaaje kitu, mzee?" Huyo alikuwa Romani, mtangazaji.

"Wewe unaongea kila Jumapili. Umezaa nini?"

Masunga alicheka, kisha akakumbuka anayemchekesha amelala wapi, akaacha.

Kipindi chenyewe kiliitwa Fikra za Jumapili. Tangu serikali iruhusu redio za watu binafsi, na Redio Uwanda ikafunguliwa mjini, kila Jumapili saa kumi jioni Romani alikaa studioni na mwandishi, au mchongaji, au mtunzi wa nyimbo, au mtu yeyote mwenye jambo kichwani, wakazungumza moja kwa moja hewani. Watu walikipenda kuliko mpira, au walisema hivyo ili waonekane wasomi. Jumapili iliyopita mgeni alikuwa Mzee Vitus wa Kaengesa, aliyetumia uzee wake kuandika juu ya Wafipa wa zamani waliokuwa wakiyeyusha chuma. Ufipa nzima ilimsikia. Jumatatu asubuhi wachunga ng'ombe wakamkuta ndani ya tanuru mojawapo la wahenga hao, nje kidogo ya Kaengesa, amekaa, amekufa, hana jeraha, mikono imewekwa magotini kama mtu anayesubiri misa ianze.

Polisi hawakuumiza vichwa. Mtu aliyesikika mjini Jumapili jioni, kisha akakutwa maiti Kaengesa Jumatatu, lazima alirudi kwao kati ya hapo, na kwao aliishi na mtu mzima mmoja tu, binti yake Cornelia. Mume wa Cornelia alikuwa kazini Tunduma. Majirani walikuwa wamemsikia Cornelia Ijumaa akigombana na baba yake, hataki akatoe siri za ukoo redioni, hadi akamwambia: ukienda, usirudi hapa. Daktari alikuta kucha na midomo ya marehemu vina wekundu ambao hakuupenda. Huenda ni baridi, alisema, huenda ni sumu. Sampuli zilipelekwa Dar es Salaam kwa mkemia, na majibu ya huko hayajawahi kukimbia.

Cornelia alisema baba yake aliondoka Jumamosi asubuhi kwa lori la mahindi na hakurudi tena, hai wala mfu. Kisha akaongeza neno lililomharibia. Alisema Jumapili alipomsikia redioni alijua kwamba huyo anayezungumza si mzima tena. Askari aliyeandika maelezo alipigia mstari hapo. Mtu asiyeua atajuaje? Kesho asubuhi angepandishwa kortini kwa mauaji, na mtoto wake, ambaye hata meno hajaota, angekwenda naye gerezani. Sauti ya mtoto huyo akilia ilipenya ukutani kutoka mahabusu, na Epifania aliichukia sauti hiyo kwa sababu ilimtia aibu yeye.

Kaseti iliendelea. Maneno ya mzee yalikuwa yameanza kwenda polepole, yenye mapengo marefu kati yake.

"Naona kama chumba kinarudi nyuma," alisema.

"Kinarudi nyuma kwa maana gani, mzee? Kwa maana ya historia?"

Ukimya mrefu. "Nasema kinarudi nyuma."

Sehemu hiyo ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Mjini watu walikuwa wanairudia vilabuni.

"Afande," alisema Masunga, "nina swali la kijinga."

"Lilete."

"Kule mwanzo mwanzo, huyu mzee mbona alipiga makofi?"

"Makofi gani?"

Masunga alimtazama kuona kama anataniwa. Akaja mezani, akarudisha kaseti nyuma, akasimamisha, akarudisha tena. Epifania akainamisha kichwa. Mzee alikuwa katikati ya sentensi juu ya udongo wa kichuguu. Sentensi ikakatika. Kiti kikalia. Kisha yakaja makofi, mazito, ya viganja vilivyokunjwa, polepole, yakitokea chini, chini kabisa ya mahali ambapo sauti ilikuwa. Yakajibiwa na mengine, mepesi, ya mbali. Halafu mzee akarudi juu, akaendelea na sentensi nyingine kabisa.

Epifania alikuwa ameisikiliza kaseti hiyo kwa makini ya mtu anayetafuta sindano, na makofi hayo hakuyasikia hata mara moja. Lakini angeyasikiaje? Mfipa huyasikia makofi ya salamu tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Yakipigwa, sikio linayaruhusu kupita kama linavyoruhusu pumzi.

"Na Romani naye ni Mfipa," alisema.

"Sijakuelewa, Afande."

"Hii kaseti imekatwa. Kuna maneno ya salamu yametolewa hapo, ndiyo maana sentensi imeruka. Aliyekata alitoa maneno, akaacha makofi, kwa sababu hakuyasikia. Kama mimi." Alisimama. "Jana Romani alituambia nini kuhusu studio?"

"Kwamba mlango ni wa chuma, unafungwa kwa ndani, taa nyekundu ikiwaka hata mwenye redio haingii. Walikuwa wawili tu, yeye na mzee."

"Basi mzee alikuwa anamsalimia nani? Na kwa kuchuchumaa?"

"Labda askofu alipita."

"Askofu angebusiwa pete. Mzee wa umri ule hashuki kitini kuchuchumaa kwa mtu wa kawaida, Masunga. Anashuka kwa mkwe."

Mzee Vitus alikuwa na mtoto mmoja. Mama wa mume wa Cornelia aliitwa Hellena, mjane, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa Chanji, hapohapo mjini.

*

Aliyewafungulia ni Herieth, binti wa Hellena, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipoona sare za polisi alirudi nyuma hatua.

"Shikamoo Afande. Mama hawezi kuongea nanyi. Tangu Jumapili haongei na mtu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Hali, hanywi, amegeukia ukuta. Padri kaja, mama kampa mgongo hivyo hivyo."

Walipita sebuleni. Juu ya kabati redio ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge, fundo juu ya fundo, imegeuzwa uso wake ukutani. Betri zilikuwa zimetolewa na kuwekwa mbali, kwenye dirisha la upande wa pili. Masunga alipoiona alizunguka upande mwingine wa meza ili asipite karibu nayo, na Epifania hakumlaumu.

Chumbani mama mtu mzima alikuwa amelala chini ya mablanketi. Epifania alichuchumaa kando ya kitanda, akakunja viganja, akaanza kumsalimia kwa makofi kama alivyofundishwa kwao.

"Acha," alisema Hellena kwa ukuta. "Usinipigie makofi, mwanangu. Sina ya kukujibu. Yangu yameshachukuliwa."

Herieth alishika mdomo. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mama yake tangu Jumapili.

"Yamechukuliwa na nani, mama?"

Nje upepo ulikuwa unasukuma mlango wa jikoni, unauachia, unausukuma tena.

"Nilikuwa jikoni napepeta ulezi," alisema Hellena. "Mkwe wangu yuko redioni anasema mambo yake ya chuma. Nikasikia ananipigia makofi. Nikasema, huyu mzee kachanganyikiwa, ananisalimia mbele ya watu wote? Mara nikasikia namwitikia. Mimi. Nayajua makofi yangu, hiki kidole kilivunjika zamani, hakilii kama vingine. Namwitikia humo ndani ya redio, na mikono yangu hii nimeshika ungo."

"Kesho yake wakaja kusema mkwe amekufa. Nikajua basi. Ile redio imetubeba wawili, imeanza na yeye. Mimi nasubiri zamu yangu, na sikutaka kuwasumbua."

Masunga, ambaye hakuwa Mkatoliki wala hakuwahi kusema anataka kuwa, alifanya ishara ya msalaba.

"Mama," Epifania alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyokusudia, "acha ya redio. Makofi ya mikono yako yenyewe, mara ya mwisho kumpigia mkwe wako ilikuwa lini?"

"Jumamosi."

"Wapi?"

"Kwa Romani, hapo nyuma. Natoka sala za jumuiya, nikasema nipitie kufuata ungo wangu, mke wake aliuazima kabla hajasafiri. Nikabisha, kimya. Nikasukuma mlango. Nikamkuta mkwe wangu amekaa peke yake kwenye kiti, nikaona haya mpaka nikataka kuzama. Akashuka kunisalimia, nikamwitikia kutoka mlangoni, nikachukua ungo nikatoka."

"Chumba kilikuwaje?"

"Giza. Madirisha yote yamezibwa kwa mablanketi, mlango nao una blanketi kwa ndani. Katikati jiko la mkaa, limekolea. Nikajiuliza wanapika nini hawa na hakuna sufuria. Macho yaliniwasha mpaka nyumbani."

Epifania alimtazama Masunga. Masunga alikuwa ameacha kutetemeka.

"Ulimwambia mtu?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Nimwambie kwamba nimejisikia?"

"Sikiliza, mama. Romani ana mashine ya kunasa sauti. Jumamosi alikuwa anamnasa mkwe wako, nawe ukaingia ukanaswa. Jumapili akaipiga ile kaseti hewani akadanganya watu kwamba ndiyo wanaongea sasa hivi. Hujachukuliwa na kitu. Ulisikia Jumamosi yako."

Hellena aligeuka kutoka ukutani, taratibu, akawatazama mmoja mmoja, akamalizia na mikono yake mwenyewe aliyoitoa chini ya blanketi.

"Kwa hiyo mimi ni mzima?"

"Mzima, mama."

Alifikiri.

"Herieth," alisema, "niletee uji."

*

Romani aliwapokea kwa tabasamu na ile sauti yake ambayo wanawake wa mjini walikuwa wanaiandikia barua. Alikuwa peke yake nyumbani. Aliwakaribisha viti ukumbini, akauliza kama wamekwisha kuisikiliza kaseti aliyowapa, akasema kwamba redio imepokea salamu nyingi za rambirambi.

"Tumeisikiliza," alisema Epifania. "Mzee aliongea vizuri."

"Sana. Sijawahi kupata mgeni kama yule."

"Hiki chumba cha huku ndani ni cha nini?"

"Cha watoto. Wako kwa bibi yao Mwazye na mama yao."

Epifania aliusukuma mlango. Chumba kilikuwa kitupu, kimedekiwa, madirisha wazi mpaka mwisho na baridi yote ya Chanji imo ndani. Juu ya kila dirisha palikuwa na misumari mipya, na kwenye mmoja ulining'inia uzi wa sufi ya kijivu. Katikati ya sakafu saruji ilikuwa imebabuka kwa duara.

"Koplo," alisema Epifania, "funga madirisha."

Masunga alifunga.

"Tafuta mablanketi, yatundike. Jiko liko jikoni, na mkaa utaupata. Liwashe, likikolea lilete hapa katikati."

"Mnataka kufanya nini?" aliuliza Romani.

"Kipindi. Sisi watatu tutakaa humu, tutafunga mlango, tutazungumza mambo ya fikra kwa muda uleule uliozungumza na mzee. Nataka nijue studio yako inavyokuwa."

Romani alicheka kidogo. Masunga aliingia na blanketi la kwanza, akalining'iniza, na nusu ya mwanga ikaondoka. Akalining'iniza la pili. Katika giza jipya chumba kilionekana kimekuwa kidogo. Mkaa ulianza kutoa harufu yake kutoka jikoni, na Masunga akaja amelishika jiko kwa kitambaa, mkaa wake mwekundu, hauna moshi hata kidogo, akaliweka juu ya lile duara la sakafuni. Lilikaa sawasawa.

"Karibu ndani, Romani," alisema Epifania. "Wewe ndiye mwenyeji."

Romani alibaki kizingitini. Mkono mmoja ulikuwa umeshika fremu ya mlango, na usoni, katika baridi ile, alikuwa anatoka jasho.

"Siingii."

"Kwa nini?"

"Fungueni madirisha, Inspekta. Mtakufa humo."

"Nani alikuambia kwamba linaua?"

Epifania alimfanyia Masunga ishara, na Masunga akalitoa jiko nje kwa haraka zaidi kuliko alivyolileta, akavuta mablanketi chini. Romani alikaa palepale kizingitini.

"Umeme ulikuwa wa mgawo," alisema. "Studio Jumamosi haikuwa na umeme, na mzee alikuwa hawezi kusubiri Jumapili. Alitaka kurudi Kaengesa siku ileile. Alisema amemwacha binti yake na hasira. Nikasema tunase hapa kwa betri, niirushe kesho, nani atajua? Mablanketi ni kwa ajili ya sauti, kuku wa jirani, watoto barabarani. Akalalamika baridi. Nikamwekea jiko."

"Wewe ulikaa wapi?"

"Mlangoni. Nilikuwa natoka kila mara kufukuza kuku."

"Na yeye hakutoka."

"Yeye alikuwa anaongea."

Epifania alichuchumaa mbele yake ili amwone macho. "Kwenye kaseti anasema chumba kinarudi nyuma. Ukamuuliza kama ni kwa maana ya historia. Ulidhani hivyo kweli?"

"Mwanzoni."

"Baadaye?"

"Niliona kichwa kinamlemea. Niliona midomo. Nilinyanyuka kufungua dirisha."

"Ukazuiwa na nini?"

Romani aliangalia mikono yake.

"Alikuwa anasema vizuri," alisema. "Kila akinyamaza, neno lililofuata lilikuwa zuri kuliko la kabla. Nikasema hili moja, halafu nafungua. Hili moja."

Yaliyobaki aliyatoa bila kuulizwa: alivyomwita mzee na mzee hakuitika, alivyoogopa, pikapu ya redio aliyoiazima kwa uongo, tanuru alilolichagua kwa kuwa wenyeji wanaliogopa na wangesema ni mambo ya wahenga. Jumapili alijifungia studioni peke yake, akawasha taa nyekundu, akaketi mbele ya kiti kitupu mpaka kaseti ikaisha. Epifania alisimama akasogea dirishani. Alikuwa amekutana na watu wabaya kuliko huyu, wenye mapanga, lakini hakuna aliyewahi kumchukiza namna hii. Mji mzima ulikuwa umekaa kando ya redio na chai mkononi, ukamsikiliza mtu anakata roho, ukasema mzee ana busara. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Mvike pingu," alimwambia Masunga.

*

Cornelia alikuwa ameketi chini mahabusu, mgongo ukutani, mtoto ananyonya. Aliposikia komeo hakuinua macho. Alidhani ni chakula.

"Cornelia, simama, mama. Unakwenda nyumbani."

"Sijasema kama nimeua."

"Najua hukuua. Baba yako hakurudi. Ulichotuambia kilikuwa kweli tangu mwanzo, hata lile la redioni, kwamba uliisikia sauti yake ikizimika, na tulikosea sisi. Naomba utusamehe."

Cornelia alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamfuta mdomo kwa upande wa kanga, akamlaza begani. Epifania akamweleza, kwa maneno machache, kuhusu sumu ya hewa ya mkaa, na mablanketi, na Jumamosi. Akamwambia pia kwamba baba yake alikuwa na haraka ya kurudi, kwamba hakutaka kulala mjini kwa sababu yake. Hapo ndipo uso wa Cornelia uliposhindwa kujizuia, akalia bila sauti, akimpigapiga mtoto mgongoni asiamke.

Alipoweza kusema alisema, "Aliumia?"

"Daktari anasema mtu hulala tu. Haumii."

"Na huyo Romani alikuwepo? Wakati baba analala?"

"Alikuwepo."

"Mbele yake?"

Epifania alitamani kudanganya, na katika kazi yake alikuwa amedanganya wafiwa kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini mwanamke huyu alikuwa amesema kweli tupu kwa siku zote hizo, na hakuna aliyemwamini.

"Mbele yake."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anamsikiliza," alisema Epifania.